Ulimi wa Pimbi na Kaniki ya Shangazi

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Nikiwapa mtanipa nini?
— Masikio!
Haya, yasogezeni.

Hapo kale palikuwa na Pimbi, kijana ambaye masharubu ndiyo kwanza yanachomoza, mlinzi wa jabali la kwao. Tai akitokea angani, Pimbi hupiga ukelele, na ukoo mzima hujichimbia mapangoni, churupu, churupu.

Msimu mmoja ulimi ukaanza kumlemea. Asubuhi husema vizuri; jua likipinduka, maneno yanalegea kama uji uliozidi maji. Pombe hajanywa, nyuki hajamuuma. Aliogopa sana. Aliogopa siku ambayo tai atakuja na ukelele umkwame kooni.

Baba yake akasema, "Umelewa." Mjomba wake akasema, "Unaringa." Bi Mize, shangazi aliyemlea, ndiye pekee aliyesema, "Mwanangu, nenda ukatazamwe."

Ndugu wakampeleka kwa Fisi, mganga mkuu, mwenye tumbo kubwa kuliko mkoba wake wa dawa. Kabla Pimbi hajafungua kinywa, Fisi akatikisa kibuyu, chaka chaka chaka.

"Usiseme. Nimeshajua. Umerogwa."

"Taire," wakajibu ndugu, maana ndivyo mganga anavyokubaliwa.

"Aliyekuroga ni mwanamke."

"Taire."

"Tena mnene."

"Taire."

"Basi ni shangazi yako. Kesho jua la utosi mfunikeni kaniki, macho yake yasinidhuru, mniletee hapa. Uchawi nitamtoa mwenyewe."

Pimbi akataka kueleza kwamba ulimi ulianza kulegea taratibu, jioni jioni, hata alipokuwa mbali na shangazi.

"Usiseme," akasema Fisi, mate yakimdondoka, to, to, to.

Ndugu wakakubali kumtoa Bi Mize. Waliona kupoteza shangazi ni kazi nyepesi kuliko kuuliza maswali. Pimbi akauma meno kwa hasira. "Kaniki nitamfunika mimi," akasema polepole. "Mimi ndiye mgonjwa."

Alfajiri akamficha Bi Mize kwenye ufa wa jabali, akaenda kwa Simba. Simba alikuwa amepwelewa na sauti siku ya tatu hiyo, akinguruma kama paka, na akiona haya kupita mbele za watu.

"Mzee, mganga yupo," akasema Pimbi. "Jifunike kaniki hii, hakuna atakayekujua."

Jua la utosi wakafika. Fisi akatazama ule mfuniko mweusi.

"Shangazi yako ni mkubwa hivi?"

"Uchawi hunenepesha, mganga."

"Taire," akasema Fisi mwenyewe, kwa furaha.

"Humtazami kwanza? Humuulizi chochote?"

"Usiseme. Nimeshajua."

Akafumba macho, akang'ata paja, kacha!

Kaniki ikaruka huku, kibuyu kikaruka kule. Sauti ya Simba ikarudi papo hapo, na hiyo ndiyo tiba pekee ambayo Fisi aliwahi kuitoa. Alikimbia na nusu ya mkia.

Pimbi na shangazi yake wakaenda kwa Nungunungu, mganga anayeogopwa kwa sindano zake. Yeye akauliza. Ulianza lini? Asubuhi au jioni? Unameza vizuri? Akamwambia atoe ulimi, kisha ahesabu mpaka hamsini. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Jina la ugonjwa wako silijui bado," akasema. "Lakini ni ugonjwa, si shangazi. Rudi wiki ijayo nikutazame tena, na zamu usilinde peke yako."

Pimbi akalia. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza hata swali moja.

Huko jabalini ndugu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mganga gani huyo asiyejua? Fisi alijua kabla hujasema." Wakatuma mjumbe amtafute Fisi popote alipo, amwombe radhi.

Hapo ndipo hadithi ilipokaa chini; mwenye miguu na ainuke. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ulimi ukianza kuwalemea, msijisumbue kwenda kwa wenye maswali mengi. Kaeni nyumbani, mtafute shangazi mnene.