Mshono wa Zuwena

Mpanua suruali hapunguzi tumbo. Mmemsikia mjomba wenu akiisema, mkacheka, sasa mnanibana niwaambie imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na fundi wa kiwanda cha sare, jina lake Mbaruku. Mkewe, Zuwena, alifariki akamwachia suruali ya kijivu aliyoishona mwenyewe. Mbaruku aliivaa kila Idi, na siku hiyo nyumba haikuwa tupu sana.

Kazi ya mafundi wa kiwanda ni ya kukaa. Asubuhi chapati na chai ya sukari tele, mchana wali na soda juu yake. Tumbo likamea. Mwingine suruali ikimbana hushtuka. Fundi hashtuki, huchukua wembe akafumua, akaipanua. Kila alipopanua, mshono wa Zuwena ulitoka, ukaingia wake.

Nesi Tumaini alikuwa akija kiwandani kuwapima kiuno, presha na sukari, na kuzungumza na kila mmoja juu ya chakula na mazoezi. Akifika tu, Mbaruku ana kazi ya haraka.

Idi moja ikakaribia, suruali haifungi. Kitambaa cha akiba kimekwisha, na mshono wa Zuwena umebaki wa nyuma tu. Akampelekea Bi Nunu, shoga wa marehemu, aliyeshona naye chumba kimoja hapo kiwandani.

"Shemeji, fumua hapa nyuma unitilie kipande."

"Kitendawili!"

"Bi Nunu, nina haraka."

"Sema tega!"

"Haya, tega."

"Tunatoka pamoja, mlangoni yeye huingia kwanza."

"Kitambi!" mafundi wakaangua kicheko.

Mbaruku hakucheka. "Nimemkumbuka Zuwena tu, shemeji."

Bi Nunu akapapasa ule mshono. "Huu mkono wa Zuwena. Nikiufumua, utakuwa umevaa nini? Umepanua miaka yote, tumbo limepungua lini? Nenda kwa nesi."

Akaenda. Presha ilikuwa juu, sukari imeanza kupanda. Nesi hakumfokea.

"Baba, zamani ulipenda kutembea?"

"Na mke wangu. Jioni, mpaka mtoni."

"Basi tuanzie hapo."

Idi ile hakuivaa suruali. Alipunguza sukari, soda akaiacha, na kila jioni akaifuata njia ya mtoni, akitembea upande mmoja kana kwamba anamwachia mtu nafasi. Idi nyingine ilipofika, kifungo kikaingia kwa shida, mshono wa nyuma ukiwa mzima.

Aliporudi kazini alimkuta mwenzake ameshika wembe, anafumua kiuno cha suruali yake mwenyewe. Mbaruku akamshika mkono taratibu.

"Acha, ndugu yangu. Mpanua suruali hapunguzi tumbo."