Bondia Aliyeambiwa Aimbe Njiani

Kama kuna mtu wako ana jambo linalomnyima raha wiki hii, isome kwanza wewe, halafu mpelekee. Mimi nimeipokea tu, naipitisha, na pale nilipocheka nimeongeza chumvi kidogo.

Morogoro palikuwa na kijana fundi baiskeli, anaitwa Banzi. Alicheza ngumi za ridhaa, zile za raundi tatu tu, ambazo ukishinda unavishwa medali, unapigiwa makofi, unarudi nyumbani kwa miguu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kwelikweli. Shida yake ilikuwa moja, na kila mpenda ngumi pale mjini aliijua: ikifika raundi ya pili, Banzi pumzi kwisha. Mikono inashuka, mdomo wazi, miguu kama ya kuazima, na mwamuzi anasimamisha pambano.

Ilipomtokea mara ya kwanza, watu wakasema ni ugeni. Ikamtokea tena. Mwenyekiti wa klabu akamwita pembeni.

"Banzi, mimi sitaki siku moja nije kumwambia mama yako maneno mabaya. Ukisimamishwa tena kabla ya kengele ya mwisho, glovu unarudisha. Ngumi basi."

Zile glovu ndizo zilizomfanya Banzi ajione naye mtu. Bila glovu alikuwa kijana wa kuziba pancha, hakuna wa kumuuliza habari. Na kura ya pambano lililofuata ilipopigwa, akaangukia kwa Kifusi.

Jamani, Kifusi! Uzito wao ulikuwa sawa, lakini huyo bwana wa Kilosa hakuna aliyewahi kumaliza naye raundi ya kwanza. Mpinzani wake wa mwisho alitolewa ulingoni amebebwa, akawa anauliza kama mvua imeshakatika, na ilikuwa kiangazi.

Tangu siku hiyo Banzi hakula akashiba. Akishika spana, anafungua nati aliyotoka kuifunga, mpaka mteja anauliza kama ana homa. Jirani akibamiza mlango, yeye anaruka. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa sana, na hakumwambia mtu.

Dawa aliyoiona ni mbio. Kila alfajiri alikimbia barabara ya Bigwa, mbali, peke yake, meno ameyauma, macho chini. Wenzake wa klabu walikimbia kwa kundi wakiimba mchakamchaka, naye akawapita bila hata salamu. Miguu ikawa chuma. Lakini akivaa glovu na kujaribiwa na mwenzake, ni yale yale: raundi ya pili, hoi.

Ndipo akamwendea kocha wake, Zuhura, mama mstaafu wa magereza, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha bweni zima.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Sema."

"Kocha, hizi mbio ndefu ni kazi bure. Mimi napigana raundi tatu, sipeleki barua Dodoma. Naziacha."

Kocha Zuhura akauliza: "Ukikimbia unaimba?"

"Kuimba? Kocha, mimi si mtoto wa shule."

"Kesho unakimbia na mimi."

Kesho yake kocha alikuja na baiskeli yake, akawa anamfuata nyuma. Banzi akachanja mbuga. Kocha akapiga kengele.

"Anzisha wimbo!"

"Kwetu mlimani," Banzi akaanza, "ku..." Sauti ikakatika hapo hapo. Akajaribu tena, ikatoka kama ya kuku anayekabwa. Akasimama, ameshika magoti, machozi yanamlenga.

"Umeona?" kocha akasema. "Pumzi unayo, mwanangu. Umeifungia. Unakimbia kama mtu aliyejificha chini ya kitanda akisikiliza mwizi. Mtu mwenye hofu hapumui, anasubiri tu kupigwa. Ukikimbia hivyo kila siku, kila siku unajizoeza kuogopa."

"Kwa hiyo nisikimbie?"

"Kimbia. Ila kimbia mwendo ambao unaweza kuimba, na uimbe mpaka mwisho wa njia. Ukishindwa kuimba, punguza. Miguu yako mimi sina shida nayo."

Banzi aliona anadhalilishwa. Lakini angefanyaje, na Kifusi anakuja? Akaingia kwenye kundi, akapewa kuanzisha.

"Kwetu mlimani!"

"Kuna baridi!"

"Blanketi moja!"

"Tunagombania!"

Watoto wa shule walimcheka mpaka wakaketi. Muuza chapati wa Bigwa, badala ya kumwonea huruma, akawa anaitikia kwa mwiko juu. Banzi aliona aibu, akaimba na aibu yake. Siku zikapita, akawa anafika Bigwa na kurudi bila wimbo kukatika.

Hofu sasa? Hofu ilikuwepo vile vile, haijapungua hata chembe.

"Kocha, hii hofu itaniisha lini?"

"Nani kakuahidi itaisha?"

Siku ya pambano ikafika. Ukumbi umejaa. Banzi alipomwona Kifusi anapanda, kimya, uso mkavu, akautazama mlango wa kutokea. Akatamani mvua inyeshe ndani ya ukumbi, umeme ukatike, lolote lile. Kengele ikalia.

Raundi ya kwanza, nikwambie ukweli, alipigwa. Alipigwa kushoto, akapigwa kulia, akapigwa mbavuni mpaka mwamuzi akamhesabia amesimama. Watu wakaanza kuinuka watoke, maana Kifusi akifika hapo huwa ndiyo mwisho. Lakini Banzi akakubali kwa kichwa kwamba anaendelea, na kengele ikamwokoa.

Kwenye kona, alikuwa amekaza kifua kama mlango uliokomewa. Hasikii, haoni. Kocha Zuhura hakumpa mbinu hata moja. Alimtoa kinga ya meno, akamshika mashavu.

"Kwetu mlimani?"

Banzi akatazama kona ya Kifusi.

"Kwetu mlimani, nakuuliza wewe!"

"Kuna... kuna baridi."

"Blanketi moja?"

"Tunagombania."

Na pumzi ikatoka, ndefu, ikarudi nyingine. Waliokaa karibu wakaulizana kama huyu mama ana akili timamu.

Raundi ya pili, pale pale alipozoea kufia, Banzi akawa anaunguruma wimbo puani, mdomo umefungwa na kinga. Alikuwa bado anaogopa. Lakini alikuwa anapumua. Akapigwa, akapumua. Akarusha, akapumua. Kengele ikalia akiwa wima, na ukumbi ukapiga kelele, maana hakuna aliyewahi kumwona Kifusi akifika hata raundi ya pili, sembuse ya tatu.

Raundi ya tatu, Kifusi akamrukia akamkumbatia, sikio la Banzi likawa shingoni kwake. Banzi akasubiri ngumi ya mbavu. Haikuja. Badala yake akasikia kifua cha mwenzake kimebana, hakipandi wala hakishuki, mwili mzima unatetemeka. Kisha sauti ndogo, kupitia kinga ya meno:

"Nishikilie kidogo."

Banzi alidhani amesikia vibaya. Mwamuzi akawatenganisha. Mikono ya Kifusi ilikuwa imeshuka, mdomo wazi, miguu kama ya kuazima. Banzi aliijua hali ile, aliijua kuliko mtu yeyote mle ukumbini. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe, ukaenda tena. Kengele ya mwisho ilipolia, alikuwa amesimama. Majaji wakampa ushindi kwa pointi, na mwenyekiti wa klabu ndiye aliyempigia makofi ya kwanza.

Keshokutwa yake alfajiri, kundi linajipanga kuanza mbio, akatokea mtu amevaa kofia ya sufu. Kifusi. Wengine wakarudi nyuma. Banzi mwenyewe moyo ulimpiga paa, akafikiri amefuatwa.

"Nisikilizeni," Kifusi akasema, macho chini. "Mnasema mimi naangusha watu raundi ya kwanza. Ni kweli. Naangusha kwa sababu naogopa ya pili. Sijawahi kuwa na pumzi ya kuifikia. Kila nikipanda ulingoni naomba mtu aanguke upesi, kabla hajanijua." Akamtazama Banzi. "Wewe hukuanguka."

Kumbe! Wiki zote zile za kutoshiba Banzi alikuwa anamwogopa mtu anayemwogopa yeye.

Kocha Zuhura akapanda baiskeli. "Haya, maneno yataisha njiani. Mgeni ndiye anaanzisha."

"Kwetu mli..." sauti ya Kifusi ikakatika hapo hapo, kama ya kuku anayekabwa.

Hakuna aliyecheka. Banzi akapunguza mwendo, akaja ubavuni kwake, akaitikia hata hivyo.

Funzo: Anayekutisha kwa kishindo cha mwanzo mara nyingi anaomba uanguke mapema, maana hajui atafanya nini ukibaki umesimama, basi usingoje hofu iishe, jizoeze kupumua nayo njiani, ili siku ya siku usikie kengele ya mwisho ukiwa wima.