Programu ya Bwana Shekue

Hoteli ya Bwana Shekue ilikuwa ya ghorofa, kubwa kuliko zote mjini. Lakini kila aliyetafuta malazi mtandaoni aliletewa kwanza ukurasa wa Chausiku, mama mwenye vyumba vitatu vya wageni. Shekue akanunua programu ya kukagua kurasa na kurekebisha kasoro. Haikumpandisha kwenye orodha ya utafutaji. Akamwendea Chausiku.

“Nipe siri yako, ama nitaifunga njia ya kwako. Inapita shambani kwangu.”

“Siri gani, baba? Kesho asubuhi iambie programu yako ikague ukurasa wangu. Kilichopo kwangu na kwako hakipo, ikiweke.”

“Kila kitu?”

“Hata nukta usiache.”

Asubuhi programu ikakagua, ikanakili, ikatangaza kwamba hakuna kasoro tena. Shekue akachinja mbuzi. Wiki haikuisha, hoteli yake ikatoweka mtandaoni. Hata aliyeitafuta kwa jina hakuiona. Akarudi mbio kwa Chausiku.

“Mbona ukurasa wako unaonekana? Si tunafanana?”

“Tulifanana asubuhi ile tu,” alisema Chausiku akimmiminia chai. “Nilikuwa nimeficha ukurasani kwangu mstari unaoiamuru mitambo ya kutafuta isimwonyeshe mtu ukurasa huo. Ulipokwisha kunakili, wangu nikaufuta. Wako nitakuonyesha ulipo, tukishamaliza habari ya njia.”