Kengele ya Madoa

Paukwa!
Pakawa!
Walio nyuma hawajaitika. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana josho la ng'ombe lilikuwa limekwisha kujengwa, aliishi Nyati mzee asiyeona vizuri. Macho yake yalikuwa ndege mmoja mwenye mdomo mwekundu, jina lake Shashi. Shashi alikaa mgongoni mwa Nyati akila kupe. Akiona hatari, hulia, "Tsi! Tsi! Tsi!" Nyati mbio, vumbi tifu!

"Wewe Shashi, leo tena umenidonoa sikio!"

"Vumilia, babu. Macho ya bure utayapata wapi?"

Lakini kupe wa Nyati mmoja hawakutosha, na Shashi alikuwa na makinda watatu. Basi kila asubuhi alikwenda kwa ng'ombe wa Lemuta, mfugaji wa bondeni.

Kati ya ndege na wafugaji palikuwa na ada. Ng'ombe wakiogeshwa dawa, kengele za shingoni hujazwa majani kwa siku saba. Kengele ikilia, kolo kolo, ndege hutua. Kengele ikinyamaza, ndege hupita, maana kupe wa siku hizo wana sumu.

Siku moja Lemuta aliogesha ng'ombe wake. Akajaza majani kengele zote. Jioni akamsikia Simba ng'ambo ya mto. Uuuum! Akamtazama Madoa, ng'ombe mwenye mimba, mpenda kupotelea vichakani.

"Mama Madoa, ukipotea kimya kimya nitakupataje?"

Akatoa majani kwenye kengele ile moja. Moja tu, jamani. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Asubuhi, kolo kolo kolo.

Shashi akatua. Madoa akatikisa masikio. "Dada, mbona mimi bado nanuka dawa?"

"Kengele imelia. Lemuta hajatudanganya hata siku moja."

Akadonoa, do, do, do. Akawapelekea makinda. Jua lilipofika utosini, makinda walikuwa kimya. Shashi akarudi kwa Nyati, kucha hazina nguvu.

"Babu, leo usinitegemee. Ukisikia nyasi, kimbia."

Pu! Akaanguka.

Nyati hakuona alipoangukia. Akaogopa kumkanyaga. Akasimama palepale, hainui hata ukwato.

"Shashi? Wewe Shashi, nidonoe sikio."

Nyasi zikasema shaa. Nyasi zikasema shaa. Nyati alizisikia. Hakukimbia.

Siku ya tatu Madoa alipotelea vichakani, na Lemuta akampata salama, kwa sauti ya kengele. Wakirudi nyumbani wakapita penye mifupa ya Nyati. Kando yake, ndege mdogo, mdomo mwekundu, hakukanyagwa. Lemuta akaitazama kengele ya Madoa.

"Ni mimi," akasema. Madoa alikuwa akila majani.

Tangu hapo, kila aogeshapo, Lemuta hujaza kengele zote, na ya Madoa huifunga kwa kamba. Ng'ombe hupita bondeni kimya. Lakini Shashi na makinda wake hawapo; hakuna tena ndege wa kuusikia ukimya huo.

Wakubwa kwa wadogo, neno lenyewe ni hili: ahadi uliyompa kiumbe asiyeweza kuja kukuuliza, usiivunje hata mara moja, hata kwa sababu njema.

Hadithi yangu imeishia hapo, bondeni, penye kengele zisizolia.