Kwa Nini Ulezi-mwitu Huota Njiani

Siku zile ulezi-mwitu ulikuwa bado haujaijua njia. Ulikaa shambani, katikati ya ulezi wa watu, shina lake la mviringo kama la mwenzake, na hapakuwa na mtu wa kuvitenganisha mpaka vitoe masuke. Kufikia hapo palizi imekwisha, na mwenye shamba ameshalea magugu.

Ndipo Wegesa akaolewa kwa kina Robi. Alijua, maana watu hawafichi mambo ya namna hiyo, kwamba mke wa kwanza wa mumewe, Nyakorema, alirudishwa kwao kwa kung'oa ulezi na kuacha magugu. Basi Robi, mama mkwe wake, alipomkabidhi jembe na kusema, "Palilia, mwanangu, wiki ijayo nitakuja kuangalia," Wegesa aliogopa. Alimpenda mumewe, wala hakutaka kurudi kwao. Alichutama shambani akatazama mche mmoja baada ya mwingine. Yote sawa. Hata wewe unayecheka hapo ungeshindwa.

Hakutaka kubahatisha. Aling'oa miche kumi, huku na huku, akaichomeka kwenye njia ya ng'ombe. Aliwaza kwamba kilichozoea kulelewa na jembe hakitavumilia kwato. Siku ya tatu ulezi ulikuwa umekufa. Ulezi-mwitu ulikuwa umelala chini, shina limebanwa likawa bapa, jeupe upande wa mzizi, lakini u hai. Tena ulikuwa umepapenda. Njiani nani anapalilia? Ukawaita ndugu zake, nao wakaanza kuhama, na hata waliobaki shambani wakavaa shina bapa la ukoo. Wegesa akang'oa hao tu.

Robi alipokuja aliinama, akapapasa mashina.

"Mwanangu, mimi miaka yote nabahatisha," alisema.

"Basi Nyakorema alirudishwa kwa lipi, mama?"

Asubuhi yake Robi alishika njia hadi kwa kina Nyakorema, akaambiwa ameolewa kijiji cha pili. Akaenda huko pia, akamkuta na mtoto mgongoni, akamwomba radhi. Nyakorema alimpa maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho.

Na tangu siku hiyo ulezi-mwitu huota njiani, penye miguu ya watu na ng'ombe, na shina lake ni bapa. Mama mkwe wa kule hampi bibi arusi jembe kabla ya kuchutama naye njiani na kumwonyesha shina hilo. Na kama mama mkwe mwenyewe amesahau lilivyo, humwambia kwamba amesahau.