Ufagio wa Mama Kabula

Wapendwa, kaeni vizuri, na mwenye mtoto amlaze begani, maana leo nataka tuzungumze habari ya uwanja. Si uwanja wa mpira. Uwanja wa nyumbani, pale mbele ya mlango, pale unapopita ufagio kila asubuhi.

Kulikuwa na mama mmoja, kule pembeni mwa mji wa Shinyanga, ambako ardhi ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mnaujua udongo ule. Mvua ikinyesha unang'ang'ania kiatu mpaka unabaki na soksi. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kupotezea funguo. Mama huyu, aliyeitwa Mama Kabula kwa jina la binti yake, alisifika mtaa mzima kwa usafi. Kabla jogoo hawajamaliza maneno yao, ufagio wake ulikuwa umeshapita. Jani likidondoka kutoka kwenye mwarobaini wa jirani, halikulala pale. Yote aliyasukuma nje, akayachoma moto. Uwanja wake uling'aa kama sahani, na akina mama wa mtaani waliwaambia wake wa watoto wao waende wakatazame, wajifunze.

Kisha mumewe akapata kiharusi. Mkono ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, maneno yakawa yanatoka moja moja. Alikuwa mtu wa nje, mtu wa kusalimiana na wapita njia. Sasa alishinda ndani, chini ya bati, kwenye joto la kuokea mkate. Akamwomba mkewe kitu kimoja: kivuli. Mti wake mwenyewe mbele ya mlango, na ukoka kidogo wa kuwekea mguu, ili awaone watu na watu wamwone. Mke alielewa kwamba haombi mti tu. Mwanamume yule alikuwa anafifia, na mti ulikuwa njia yake ya kusema bado nipo.

Akachimba. Jembe liligonga, likaruka. Akachimba tena, shimo refu, akalijaza udongo mzuri wa kununua, akapanda mjohoro, akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni. Majani yakawa njano. Akasema una kiu, akaongeza maji. Lakini mfinyanzi haupitishi maji, wapendwa; lile shimo lilikuwa karai, na mti umesimama ndani yake unazama. Mizizi ikaoza. Akapanda mwingine, huu akaunyima maji, ardhi ikapasuka na kuukata mizizi. Ukoka nao ukakauka kama nywele za mahindi. Na kila asubuhi, akishalia kidogo, alifanya nini? Alifagia.

Mumewe alijaribu kutoka mara moja moja, na fimbo yake ikalia juu ya ardhi ile: ko, ko, ko. Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Ndipo Kabula akajifungua mapacha, mbali, huko Mpanda, akaugua. Mama akaondoka kwenda kumuuguza, akamwacha mgonjwa wake mikononi mwa wifi, dada wa mume. Mvua zikaanza, zikanyesha, zikaisha, yeye bado yuko kwa binti.

Siku aliyorudi alisimama barabarani, mzigo kichwani, akashikwa na aibu. Majani ya mwarobaini yalikuwa yamejaa uwanja mzima, yamelowa, yameoza, na juu yake maganda ya viazi, na pumba, na maganda ya ndizi. Akauliza, "Wifi, hata ufagio umekushinda?"

Wifi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Ufagio niliuona, wifi. Na wenyewe uliniona. Hatukusumbuana. Mimi nilikuja kumtunza kaka yangu, sikuja kuutunza uwanja."

Mama Kabula akatua mzigo. Hakunywa hata maji. Akaushika ufagio, na tayari alikuwa ameinama, wakati sauti ya mumewe ilipotoka mlangoni, polepole, neno moja na jingine.

"Mama Kabula. Subiri."

"Nisubiri nini, baba? Watu wanapita, wanatuona tulivyo."

"Sikiliza fimbo."

Akashuka kizingiti, akaitua fimbo chini. Hakuna ko. Akaitua tena. Kimya. Fimbo ilikuwa imezama.

Mama akapiga magoti, akayafunua majani kwa mkono. Chini yake kulikuwa na ubaridi. Kulikuwa na nyungunyungu wanaopita kimya kimya kama watu waliochelewa ibada. Na udongo uliokuwa ukirusha jembe ulivunjika vidoleni mwake kama mkate. Nani alileta udongo mwingine? Hakuna. Ni mfinyanzi ule ule. Kitu alichokuwa akikichoma kila asubuhi ndicho kilichokuwa kikikosekana.

Safari hii hakuchimba karai. Alikusanya yale yaliyooza, akainua tuta pana, akapanda juu. Ukoka ukashika kwanza, kisha mti. Na ufagio hakuutupa, wapendwa. Aliendelea kufagia. Alibadilisha upande tu: badala ya kusukuma majani nje kwenye moto, aliyasukuma ndani, kwenye shina. Na mumewe akatolewa kiti, akawa anaulizwa habari na kila mpita njia, naye anajibu, neno moja na jingine.

Sasa tuje kwetu. Sisi tunafagia wapi?

Tunafagia kwenye salamu. "Habari za nyumbani?" Nzuri. Nzuri, na jana hukula. Nzuri, na mtoto hajapiga simu tangu Pasaka. Nzuri, na kitanda kimoja kina watu wawili wasiosemezana. Machozi tunayasukuma nje, tunayachoma. Kushindwa kwetu, tunachoma. Tukifika hapa Jumapili tunang'aa kama sahani, halafu tunashangaa: mbona neno halishiki? Mbona kila ninachopanda moyoni kinakauka? Mungu anabisha, ndugu yangu, na fimbo inalia ko.

Sisemi uache usafi, na akina mama msiende nyumbani mkasema mchungaji amekataza ufagio. Nasema geuza upande. Yaliyoanguka maishani mwako yasukume kwenye shina. Yapeleke kwenye maombi yako, yapeleke kwa ndugu unayemwamini, yalale hapo, yalowe, yafanye kazi yake. Wewe huhitaji moyo mwingine wa kununua. Ni huu huu, mgumu, uliopasuka. Mungu anaujua udongo huu, na hajauhama.

Kwa hiyo tukitoka hapa, mtu akikushika mkono pale mlangoni, akakuuliza habari za nyumbani, usifagie kwa kusema nzuri. Mwambie, majani yameanguka. Na wewe uliyeuliza, usiondoke. Simama naye hapo, mpaka fimbo inyamaze.