Mawe Juu ya Bati la Bi Somoe

"Jiwe hukaa, msumari hushika." Jana nilimwambia hivyo binti yangu Mwajabu, yeye na wenzake wakacheka, wakauliza msemo huo nimeutoa wapi. Mimi sikucheka. Tangu juzi kuna uvumi unanizunguka kichwani kama mbu, nikiufukuza unarudi: eti kila tundu la msumari kwenye bati ni mlango wa upepo, kwa hiyo msimu huu wa vimbunga watu wasipigilie, waweke mawe tu. Uvumi huo naujua. Niliusikia mara ya kwanza Mwajabu akiwa mchanga, na methali ilizaliwa siku zile zile. Basi kaeni niwaeleze ilivyokuwa, na asiyekuwepo asomewe.

Nilikuwa bado ndani ya arobaini, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Somoe, hapa hapa pwani ya kusini. Nyumba ilikuwa ya bati, haina dari. Ukilala chali unaziona mbao za paa. Upande wa kitanda changu misumari ilikuwa imelegea, mingine imetoka, na bati likipata upepo linagonga. Redio ikatangaza kimbunga kinakuja, watu wakaze mapaa. Mume wangu, Mfaume, akaleta misumari ya bati, ile yenye mipira, akaazima na ngazi.

Bi Somoe akamshika shati. "Unakwenda wapi na nyundo?"

"Juu, mama. Kukaza bati."

"Juu ya mzazi? Nyundo haipigwi juu ya kichwa cha mtoto ambaye hajatimiza arobaini. Unataka mjukuu wangu awe mshtukaji mpaka anazeeka?"

"Basi watoke kidogo, nimalize."

"Mzazi hatoki kabla ya arobaini. Umelelewa wapi wewe?"

Mfaume akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta. Kutoka siwezi, na nikiwa ndani hapigi. Sasa? Redio inasema kaza, mama mkwe anasema usipige, na jirani aliyeniletea uji alikuwa ndiyo kwanza amenipa ule uvumi wa matundu. Kila mmoja niliona anasema kweli, na zote haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Kichwa kilinijaa kama gunia la pumba.

Ikaamuliwa mawe. Mfaume akapandisha mawe ya kujengea, akayapanga juu ya lile bati, Bi Somoe yuko uani anamwelekeza: "Hapo ongeza. Na hapo." Likapanda na tairi bovu la gari. Bi Somoe akaingia ndani ameridhika. "Hilo hata tembo hang'oi."

Mchana uliofuata, kimbunga chenyewe kikiwa bado mbali baharini, ikapita dharuba moja tu. Nilikuwa nimemnyanyua Mwajabu kitandani ili nimbadilishe nguo mkekani. Nikaona bati linainuka, mwanga unaingia, na jiwe juu yake linapanda nalo kama abiria. Bati likashuka, jiwe likateleza, likapenya kwenye uwazi, likachana chandarua, likaangukia mto aliokuwa amelalia mtoto.

Bi Somoe akaingia mbio, Mfaume nyuma yake.

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama."

Akampapasa uso, tumbo, miguu. Kisha akaligeukia jiwe. "Lakini lilikuwa zito," akasema. "Nililichagua mwenyewe. Mfaume, si lilikuwa zito?"

"Zito sana, mama. Na lilikaa vizuri. Lakini bati lilipoondoka, nalo likaondoka."

Bi Somoe akaligusa jiwe kwa mguu. "Kumbe jiwe hukaa tu," akasema. "Msumari ndio unaoshika." Akavua kanga yake, akanifunika mimi na mtoto. "Toka, mwanangu. Arobaini utaimalizia kwa jirani."

"Na mila, mama?" nikauliza.

"Mila ni ya kumlinda mtoto. Itamlindaje akiwa chini ya mawe? Toka! Na wewe Mfaume, upepo umetulia, unangoja nini, nikupandishe mgongoni?"

Mfaume akashusha mawe yote, akapigilia kwenye migongo ya bati mpaka misumari ikauma mbao. Kimbunga kikaja. Kulipokucha, paa letu lilikuwa mahali pake. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walibaki na mawe yao: bati lilikutwa kwenye mihogo, mawe sebuleni. Shukrani kwa Mungu, wenyewe walikuwa wamehamia shuleni. Kila aliyekuja kutazama, Bi Somoe alimwambia maneno yale yale, na watu wakaondoka nayo.

Mwajabu hakuwa mshtukaji. Hata ukimwita akaoshe vyombo, hashtuki. Ila mimi mpaka leo sielewi nani alianzisha uvumi ule, wala kwa nini watu wazima wanaupokea upya kila msimu. Labda kwa sababu jiwe unaliona, na msumari ukishaingia huuoni tena. Sijui. Ninachoweza ni kuwaandikia ya kuepuka:

Usiweke jiwe, tofali wala tairi juu ya bati.
Using'oe msumari kwa kuogopa tundu. Mpira wake unaziba.
Usipigilie kwenye bonde la bati, wala kwenye mbao iliyooza.
Usingoje upepo uanze ndipo upande. Mfaume alipona kwa bahati.
Usiache vipande vya bati vimelala uani.
Usimlaze mtoto chini ya bati linalogonga, hata akikuambia nani.

Jiwe hukaa, msumari hushika.